Kutoka Kipande hadi Bendera: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Mau Mau na Uhuru Jijini Nairobi

Jumapili asubuhi, kabla makanga hawajaanza kugombania abiria, huwa natembeza watu kwa miguu kutoka katikati ya jiji hadi mitaa ya Eastlands. Wengine ni wanafunzi na mwalimu wao, wengine ni wazee waliozaliwa Pumwani wanaotaka kunisahihisha. Maswali yao kuhusu Mau Mau, harakati ya siri iliyopigania ardhi na uhuru dhidi ya Mwingereza, hayabadiliki sana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, yakiwemo yale ambayo hunitia kwenye ubishi.

Si Mau Mau ilikuwa vita vya msituni? Nairobi inaingiaje?

Hili ndilo swali la kwanza karibu kila safari, na kosa ni letu tunaosimulia. Tumezoea picha ya mpiganaji mwenye nywele za rasta akitoka kwenye ukungu wa Nyandarua. Picha hiyo ni ya kweli, lakini mpiganaji huyo alikula chakula kilichotoka wapi? Risasi zake, dawa zake, viatu vyake, hata habari za wapi jeshi linaelekea, sehemu kubwa vilitoka Nairobi. Kamati iliyoeneza kiapo cha harakati ilikuwa ya watu wa mjini: madereva wa teksi, makarani, wafanyabiashara wadogo, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na vijana waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili wakakosa kazi. Waingereza wenyewe walilielewa jambo hilo kabla yetu, ndiyo maana mwaka 1954 waliuzingira mji mzima kabla ya kuumaliza msitu.

Wazungu waliingiaje hapa?

Kwa ufupi: mwaka 1895 Uingereza ilitangaza eneo hili kuwa chini ya ulinzi wake, reli ikafika kwenye bwawa la Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1920 nchi ikafanywa koloni rasmi. Kati ya miaka hiyo ardhi nzuri ya nyanda za juu iligawiwa masetla. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa ukodishaji wa miaka 999. Nikiitaja namba hiyo njiani, watoto hucheka. Huhesabu kwa vidole kisha husema, "Mpaka mwaka 2914?" Ndiyo, mpaka huko.

Kipande kilikuwa nini hasa?

Kilikuwa karatasi yenye jina, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wa mwisho, ikiwekwa kwenye kikopo cha chuma kilichofungwa kwa kamba shingoni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Bila sahihi ya bwana wako wa zamani kwamba amekuachilia, hukuweza kupata kazi kwingine, na polisi wakikukuta bila kikopo, ni jela au faini.

Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi. Na hapo pana jambo la kuudhi zaidi: maelfu ya wanaume hao walikuwa wametoka kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza dhidi ya Mjerumani huko Tanganyika. Kikosi chao cha wapagazi ndicho kilichoacha jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Ukinunua kiondo Kariokor, umesimama juu ya jina la watu waliokufa kwa malaria na njaa vitani, na waliosalia wakavishwa kikopo.

Ni nini kilitokea karibu na hoteli ya Norfolk mwaka 1922?

Hapa huwa nasimamisha watu kwa muda, upande wa pili wa barabara, mkabala na Kituo Kikuu cha Polisi na Chuo Kikuu cha Nairobi.

Harry Thuku alikuwa karani wa simu katika idara ya hazina. Mwaka 1921 masetla walitaka kupunguza mshahara wa Waafrika kwa theluthi moja, huku kodi ya nyumba ikipanda. Thuku akaanzisha chama, akapiga telegramu London, akasafiri vijijini akihutubia watu dhidi ya kipande na dhidi ya kazi za kulazimishwa ambazo wanawake na wasichana walifanyishwa mashambani. Machi 14, 1922 akakamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa mjini wakaanza kugoma, na kufikia tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kambi ya polisi alikozuiliwa.

Wajumbe wanaume waliingia kuzungumza na wakubwa, wakatoka wakiwaambia watu waende nyumbani. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru akasogea mbele. Aliinua nguo yake juu ya kichwa na kuwaambia wanaume waichukue, wao wampe yeye suruali zao, kwa kuwa woga wamekuwa nao wao. Kwa Wagikuyu, mwanamke mtu mzima kukuonyesha uchi wake ni laana na tusi lisilo na kifani. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasukuma mbele kuelekea lango, polisi wakafyatua risasi. Masetla waliokuwa barazani Norfolk wakipata vinywaji nao walifyatua. Serikali ilikiri vifo vya watu zaidi ya 20. Walioshuhudia walitaja idadi iliyozidi hiyo mara kadhaa. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka 9. Jambo ambalo wasikilizaji wangu hawalipendi ni kwamba aliporudi alibadilika, na wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali. Barabara ya Harry Thuku inapita pale pale. Nyanjiru hana barabara yenye hadhi ya namna hiyo, na mimi huwa nalisema kila safari.

Nani wa kwanza kudai uhuru kamili, hadharani, bila kuzungukazunguka?

Wengi hutarajia nitaje Kenyatta. Mimi huwapeleka Kaloleni, kwenye ukumbi wa jamii uliojengwa pamoja na mtaa ule katika miaka ya 1940. Aprili 23, 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika, na chama cha Wahindi, Makhan Singh alisimama akapendekeza kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, na sasa. Huyu alikuwa Kalasinga, mzaliwa wa Punjab aliyeletwa Nairobi akiwa kijana, akafanya kazi kwenye matbaa ya baba yake. Alikuwa amekwisha kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki pamoja na Fred Kubai.

Wiki tatu baadaye yeye na Kubai walikamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma siku tisa hivi, mgomo ukasambaa hadi miji mingine. Kubai alitoka, lakini Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Kenyatta mwenyewe hakufungwa muda mrefu hivyo.

Mambo haya yote yalitokea wakati Nairobi ilikuwa imetoka kupewa hadhi ya jiji, Machi 1950, kwa sherehe zilizohudhuriwa na mwana wa mfalme. Vyama vya wafanyakazi vilizisusia. Hoja yao ilikuwa rahisi: jiji la nani, ikiwa Mwafrika analala sita chumba kimoja Shauri Moyo?

Jina "Mau Mau" lina maana gani?

Hakuna anayejua kwa hakika. Wengine husema ni "uma uma", yaani tokeni tokeni, maneno ya Kikuyu yaliyogeuzwa na watoto. Kuna pia ile ya "Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru", tamu mdomoni, ila inaelekea ilitungwa jina likiwa limekwisha kuenea. Wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, au walisema tu "muma", kiapo. Serikali ilipenda Mau Mau kwa sababu halikuwa na maana, na jambo lisilo na maana ni rahisi kuliita wazimu.

Watu waliapa nini?

Kiapo cha kwanza kilikuwa cha umoja: kutotoa siri, kutouza ardhi kwa mgeni, kusaidia chama kwa mali na kazi. Mtu alipita chini ya tao la migomba, akala nyama na udongo. Kiapo cha pili, cha vita, kilikuja baadaye, nacho kilikuwa kizito: kuua ukiagizwa.

Sitaki kupaka sukari hapa. Wengi waliapa kwa hiari, wakijua wanafanya nini. Wengine walikokotwa usiku kutoka vitandani, na waliokataa walipigwa, wapo waliouawa. Wakristo wa uamsho walioona kiapo ni dhambi waliteseka sana. Nyanya yangu aliishi Bahati miaka hiyo, na mpaka anakufa hakuwahi kuniambia kama aliapa au la. Nikimuuliza alikuwa anaanza kuchambua mboga.

Hali ya hatari ilitangazwa lini, na kwa sababu gani?

Oktoba 7, 1952, chifu mkuu Waruhiu, mtu mwaminifu sana kwa serikali, alipigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi. Gavana Evelyn Baring alikuwa na siku chache tu nchini. Oktoba 20 akatia sahihi tangazo la hali ya hatari, na usiku huo huo polisi wakaanza kukusanya viongozi waliokuwa kwenye orodha yenye majina zaidi ya 100. Askari wa Kiingereza walishushwa kwa ndege.

Tarehe 20 Oktoba ndiyo tuliyoiita Siku ya Kenyatta kwa miaka mingi, na tangu katiba ya 2010 tunaiita Mashujaa. Wageni hushangaa kwamba siku ya mashujaa ni siku waliyokamatwa.

Je, Kenyatta alikuwa kiongozi wa Mau Mau?

Hapa ndipo kikundi hugawanyika, basi nitasema ninachoamini.

Mahakama ya Kapenguria ilisema ndiyo. Lakini mahakama ile ilikuwa kiini macho. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikuja kukiri mwaka 1958 kwamba alidanganya na kwamba aliahidiwa masomo ng'ambo. Hakimu Ransley Thacker alipewa na serikali pauni 20,000 juu ya kazi yake. Watuhumiwa walikuwa sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Ramogi Achieng' Oneko. Walitetewa na D. N. Pritt kutoka London akisaidiwa na mawakili wa Kihindi na Kigoa wa hapa Nairobi, pamoja na wanasheria kutoka Nigeria na Jamaika. Aprili 8, 1953 walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu.

Ajabu ni kwamba ndani ya wale sita walikuwamo watu walioiendesha harakati kweli, hasa Kubai na Kaggia, ambao walikuwa kwenye kamati ya siri ya Nairobi. Wao ndio waliomwona Kenyatta kuwa mpole mno, na yeye alipoilaani Mau Mau kwenye mikutano ya hadhara walimwonya aache. Kwa hiyo serikali ilimfunga mtu ambaye alikuwa breki, ikampa jina la injini. Kufikia alipotoka, hakuna mwanasiasa Mkenya aliyeweza kushindana na jina hilo.

Operesheni Anvil ilikuwaje?

Jumamosi, Aprili 24, 1954, alfajiri. Jemadari George Erskine alikuwa ameuzungusha mji askari na polisi wapatao 20,000 au zaidi. Barabara zote zilifungwa. Mtaa baada ya mtaa, Bahati, Pumwani, Shauri Moyo, Kariokor, watu walitolewa nje, wakaambiwa wabebe furushi moja, wakapangwa mistari kwa kabila. Mjaluo na Mluhya pembeni, Mkamba pembeni. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru mbele.

Kisha wanapita mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi miguuni, likiwa na matundu mawili ya macho. Wagikuyu walimwita "gakunia", kagunia. Hasemi neno. Akitikisa kichwa hivi, unakwenda nyumbani. Akitikisa vile, unapandishwa lori. Huenda ni jirani yako, huenda ni mtu anayekudai kodi ya nyumba. Wazee wa Bahati walikuwa wakisema kwamba miaka mingi baadaye, kwenye msiba au kanisani, bado ulimtazama mwenzako machoni ukijiuliza kama ni yale yaliyokuwa ndani ya gunia.

Msako ulichukua wiki kadhaa. Wanaume zaidi ya 20,000 walipelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa vijijini kwa nguvu. Kabla ya Anvil, Mau Mau waliweza kuamuru mji mzima ususie mabasi, bia na sigara za Mzungu, na mji ukatii. Baada yake, kazi na nafasi za biashara zilizoachwa wazi zilichukuliwa na watu wa makabila mengine. Chuki nyingi za kikabila tunazodhani zililetwa na siasa za juzi zina mizizi kwenye nafasi zile.

Msitu nao ulianza kufa njaa. Ukipita Eastleigh, kumbuka kwamba uwanja wa kijeshi wa pale ndio uliotumiwa na ndege kubwa za mabomu zilizopiga Nyandarua. Na ukipaa kutoka Embakasi kwenda kokote duniani, kumbuka kwamba uwanja ule ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau.

Kwa nini Nairobi ina mitaa yenye majina ya watu waliouawa wakati ule?

Swali zuri, na ni wachache wanaoliuliza. Watu hushuka kwenye matatu Mbotela na Ofafa kila siku wakidhani ni majina tu.

Tom Mbotela alikuwa diwani na makamu wa rais wa KAU, mtu wa ukoo wa watumwa walioachwa huru kule pwani. Aliamini katika njia ya mazungumzo na akaipinga Mau Mau waziwazi. Novemba 1952 aliuawa usiku akienda nyumbani, si mbali na soko la Burma. Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa jumuiya ya Wajaluo, alipigwa risasi mwaka 1953. Serikali ya jiji ikaipa mitaa mipya ya Waafrika majina yao: Mbotela, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo.

Baada ya uhuru tulibadilisha karibu kila jina la katikati ya mji. Delamere ikawa Kenyatta, Government Road ikaja kuwa Moi Avenue, Grogan ikawa Kirinyaga, Hardinge ikawa Kimathi. Lakini Mbotela na Ofafa wakabaki. Sijui kama ni busara au usahaulifu. Ninachoona mimi ni kwamba jiji letu limemkumbuka Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, katikati ya mji na waliopinga Mau Mau mitaani, na hakuna upande uliokuja kung'oa kibao cha mwingine.

Ni Wagikuyu peke yao waliopigana?

Wagikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wengi mno na ndio walioumia zaidi. Lakini kulikuwa na Wakamba, hasa wafanyakazi wa reli hapa Nairobi, na Wamasai pia. Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa Nairobi, alitafutia wapiganaji silaha na fedha na mawakili, akazuiliwa mwaka 1954, akapelekwa kisiwa cha Manda. Alinusurika na Mwingereza, kisha akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake hapa Nairobi mwaka 1965, tukiwa tayari tuna bendera yetu.

Na wanawake?

Bila wao pasingekuwa na mstari wa chakula wala habari. Mwanamke aliyebeba kikapu cha viazi kutoka sokoni hakutiliwa shaka kama mwanamume, na chini ya viazi mlikuwa na risasi. Wambui Otieno alifanya kazi ya upelelezi hapa mjini akiwa msichana wa familia inayoheshimika. Muthoni wa Kirima aliingia msituni na kupanda hadi cheo cha jemadari mkuu, cheo ambacho hakuna mwanamke mwingine aliyekipata. Hakukata rasta zake mpaka Aprili 2022, akafariki mwaka uliofuata. Vijijini, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanawake na watoto, walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa miti iliyochongwa na mahandaki, wakichimba wenyewe mchana kutwa.

Walikufa wangapi?

Hesabu ya serikali ya kikoloni ilisema wapiganaji 11,503. Wanahistoria wengi wanaona ni zaidi ya hapo, pengine mara mbili. Raia wa Kizungu waliouawa ni 32. Waafrika raia waliouawa na Mau Mau ni karibu 1,800, wakiwemo wa Lari, usiku wa Machi 26, 1953, ambako nyumba zilichomwa na watu wakiwa ndani, kisha mahomgadi, askari wenyeji waliokuwa upande wa serikali, wakalipiza kisasi na kuua wengi zaidi. Walionyongwa kwa amri ya mahakama ni 1,090. Hakuna koloni jingine la Mwingereza katika karne ile ambako kitanzi kilitumika hivyo.

Kimathi alinyongwa kwa kosa gani, na kaburi lake liko wapi?

Kwa kupatikana na bastola na risasi. Basi. Alipigwa risasi ya paja na kukamatwa karibu na Nyeri Oktoba 21, 1956, akashtakiwa akiwa bado anauguza jeraha, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Alizikwa ndani ya gereza mahali pasipojulikana. Mjane wake, Mukami, aliomba aonyeshwe mifupa mpaka naye akafariki mwaka 2023. Sanamu yake ilizinduliwa Februari 18, 2007, kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake, inapokutana na Mama Ngina. Wapiga picha wa mtaani hukutoza kidogo ukipiga picha naye.

Kama msitu ulishindwa mwaka 1956, uhuru ulitoka wapi?

Wanafunzi hutaka jibu moja: panga au meza. Mimi husema meza iliwekwa na watu waliobeba panga, halafu wengine wakaketi.

Vita viligharimu Uingereza mamilioni ya pauni na askari wengi kwa ajili ya kulinda masetla wachache. Kisha ikaja Hola. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola kwa sababu walikataa kuchimba. Taarifa ya kwanza ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha mifupa iliyovunjika, na bunge la London likawaka moto. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kule kusimama na kusema kwamba wanaleta ustaarabu.

Huku nyumbani Tom Mboya alikuwa ameshinda kiti cha Nairobi mwaka 1957 na kujenga chama chenye nidhamu kali mitaani. Jaramogi Oginga Odinga alisimama ndani ya baraza la kutunga sheria mwaka 1958 akasema kiongozi wa kweli ni Kenyatta, wakati ambapo hata Waafrika wenzake waliona amejitakia balaa. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa, mkutano wa kwanza wa Lancaster House ukafunguliwa, na mwezi uliofuata waziri mkuu Macmillan akazungumzia upepo wa mabadiliko akiwa Cape Town. Vyama vya siasa vya KANU na KADU vikazaliwa mwaka huo huo. Kenyatta akaachiliwa Agosti 1961.

Tofauti ya Madaraka, Uhuru na Jamhuri ni ipi?

Juni 1, 1963 tulipata serikali ya ndani. Desemba 12, 1963, saa sita za usiku, bendera ya Mwingereza iliteremshwa pale Lang'ata, panapoitwa Uhuru Gardens. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, tukawa jamhuri, malkia akaacha kuwa mkuu wa nchi yetu.

Waliotoka msituni walipewa mashamba?

Wachache. Mpango wa kuwahamishia watu kwenye ekari milioni moja ulianza kabla ya uhuru, lakini ardhi ilinunuliwa kutoka kwa masetla kwa mkopo, na aliyepewa alitakiwa kulipa. Aliyetoka Manyani bila senti alipata wapi fedha? Aliyekuwa homgadi alikuwa na mshahara na leseni ya biashara. Bildad Kaggia alipinga jambo hilo, akatoka serikalini. Mwaka 1965 huko Kandara, Kenyatta alimsimanga mbele ya umati: wenzako tuliofungwa nao wana mashamba na mabasi, wewe umejifanyia nini? Watu walicheka siku ile. Nikisimulia leo, hakuna anayecheka.

Na chama chenyewe cha Mau Mau, kilichopigwa marufuku mwaka 1950, kilibaki marufuku kisheria mpaka 2003. Miaka 40 ya uhuru, na aliyesema "mimi nilikuwa Mau Mau" bado alikuwa amejitaja kuwa mwanachama wa kundi haramu.

Uingereza ililipa?

Mwaka 2009 wazee wachache walifungua kesi London. Katika kesi hiyo ndipo serikali ya Uingereza ilipolazimika kukiri, mwaka 2011, kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni mwake. Juni 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Gawanya mwenyewe. Kesi nyingine ya zaidi ya watu 40,000 ilitupwa mwaka 2018 kwa sababu muda ulikuwa umepita mno.

Nikitaka kuyaona haya kwa miguu, nianzie wapi?

Anza saa moja asubuhi, Jumapili, mkabala na Norfolk. Shuka hadi sanamu ya Kimathi, kisha pitia Uhuru Park kwenye mnara wa waathiriwa wa mateso uliozinduliwa Septemba 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, nao hawatazamani, kwa sababu ndivyo walivyofanya ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Rudi chini hadi Kirinyaga Road, kwenye Kiburi House, jengo ambalo ofisi za vyama vya wafanyakazi na KAU zilikuwa. Siku hizi ni vipuri vya magari na kelele, na wauzaji watakuuliza unatafuta nini. Waambie ukweli, mmoja wao huwa ana babu wa Manyani.

Kutoka hapo ni Kariokor, Pumwani, Shauri Moyo, soko la Burma, na mwisho Kaloleni. Ukumbi bado upo. Ukikuta vijana wanacheza drafti nje, omba mlinzi akufungulie mlango, na ubebe maji, kwa sababu kioski cha karibu hufungua baada ya ibada.